Kamera za Mjomba Zisizopona

Wiki iliyopita hapa shuleni walikuja kutupiga picha. Tulipangwa kwenye ngazi, warefu nyuma, wafupi mbele, mwalimu mkuu katikati na kofia yake mapajani. Mpiga picha akasema, "Tayari," akabonyeza, akasema, "Asanteni." Basi, imekwisha. Mimi nilikuwa hata sijameza mate. Wenzangu wakatawanyika wanacheka, mimi nikabaki pale kwenye ngazi nimekasirika, na sikuweza kumwambia mtu kwa nini. Ningeanzia wapi? Niwaambie kwamba mimi kupigwa picha yangu ya kwanza kulichukua masika na kiangazi, na mbuzi, na mbwa, na nta ya nyuki, na vazi la ngozi la bibi yangu? Wangesema msichana huyu ana homa, mpelekeni kwa nesi. Kwa hiyo nakusimulia wewe, na tafadhali usinikatize.

Nyumbani kwetu ni Issuna. Nililelewa kwa bibi, mama yake mama, kwenye tembe la paa la udongo ambalo ndani yake kulikuwa giza hata saa sita mchana. Ukiingia kutoka juani unasimama kwanza, unasubiri macho yarudi. Asubuhi niliamshwa na kinu. Bibi na mama walikuwa wanatwanga uwele pamoja, mchi mmoja unapanda mwingine unashuka, na ukichelewa kutoka kitandani unasikia umeingizwa kwenye wimbo wao, kwamba kuna mtu humu ndani analala kama ndama mgonjwa. Uwele ukianza kukomaa kazi yangu ilikuwa kuamia ndege, kutwa nzima juu ya kichanja na kopo lenye mawe, napiga kelele mpaka sauti inakauka. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa kwetu unakata masikio. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mpaka leo, wakinipa hapa shuleni maziwa yasiyo na harufu ya moshi, naona kama nimepewa maji ya chokaa.

Na vumbi. Usisahau vumbi, maana lilikuwa adui mkubwa wa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama. Alifanya kazi miaka kadhaa kwenye mgodi wa dhahabu kule Sekenke. Wenzake walirudi na mablanketi, mmoja alirudi na cherehani. Yeye alirudi na kamera iliyokufa. Aliiokota kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba za Wazungu wa mgodi, kamera ya zamani, ya tangu enzi za Mjerumani, ile ya kukunjuka: unafungua mlango wake wa mbele na kioo kinatoka nje kwenye shingo ya ngozi iliyokunjwakunjwa kama mvukuto wa mhunzi. Mvukuto wenyewe ulikuwa umeoza. Kope, yaani vile vibati vyembamba vinavyofumba na kufumbua mbele ya kioo, vilikuwa vimeshikana kwa kutu. Mtu mwingine angeipa watoto wachezee. Mjomba aliifunga kwenye shati lake jipya, shati lenyewe hajalivaa hata mara moja, akaja nayo nyumbani.

Halafu watu wakasikia. Mpishi wa misheni akamletea nyingine, ya padri aliyekwisha rudi kwao. Bwana mifugo akamletea ya tatu, iliyokanyagwa na fahali pale kwenye josho. Basi nyumba yetu ikawa hospitali ya kamera, hospitali ambayo mgonjwa haruhusiwi kutoka.

Alasiri, akitoka shamba, Mjomba alitandika ngozi ya ng'ombe uani na kukaa. Zana zake zilikuwa wembe, sindano ya kushonea magunia, mwiba wa mgunga wa kuchokonolea uchafu, na unyoya wa kuku wa kufagia kioo. Hapo hakuna kupita.

"Wewe mama! Zunguka huko! Unanitimulia vumbi!"

Mama huyo ni mimi. Mjomba aliniita mama kwa upendo, lakini kwa sauti ya kufukuza mbwa. Ninazunguka nyumba nzima na ndoo kichwani, kwa sababu ya kitu ambacho hakijapiga picha tangu Mjerumani aondoke. Siku moja kuku wa Bibi alimeza skrubu. Mjomba akataka kuku achinjwe palepale. Bibi akakataa, yule alikuwa kuku wake wa mayai. Wakabishana mpaka Mjomba akampa Bibi kuku wake mwenyewe, mkubwa zaidi, ndipo tukachinja. Skrubu tuliikuta kwenye firigisi, imesuguliwa inang'aa kuliko zote. Mjomba akafurahi sana. Akasema laiti angejua, zote angewapa kuku.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinaniudhi hasa. Siyo kwamba alikuwa hajui. Alijua. Nilimwona kwa macho yangu akiitengeneza ile ya padri, kope zinafumba na kufumbua vizuri kabisa, tik, tik. Nikapiga makofi. Nikasema, "Mjomba, imepona! Tupige picha!"

Akaiweka sikioni. "Subiri. Inakwaruza kidogo."

Na akaifungua tena yote! Jioni ile ikawa vipande kwenye bakuli. Kila mara ilikuwa hivyo. Ikipona, anasikia inakwaruza. Wanawake kisimani walimuuliza mama, "Vipi, kamera za mdogo wako zimezaa?" Na wanaume kilabuni walimwita Bwana Picha, jina zuri tu, isipokuwa picha hakuna aliyewahi kuiona.

Mimi nilihitaji picha. Hapo ndipo penyewe. Baba yangu alichukuliwa na watu wa manamba, wale waandikishaji wa vibarua, kwenda kukata mkonge Kilosa nikiwa bado tumboni. Mkataba ukaisha, akaanza mwingine, na mwingine. Salamu zilikuja kwa midomo ya watu, lakini mwenyewe hakuja. Pale kijijini walikwisha anza kusema ana mwanamke huko. Mama nilimsikia akimwambia Bibi, "Mtoto hajamwona hata siku moja. Mtu atamkumbukaje asiyemjua? Akiiona sura yake tu, atakuja." Na mimi nikaamini hivyo kabisa, kwamba baba yangu yuko njiani tayari, amekwama tu kwa sababu uso wangu haujafika.

Mwaka ule jirani yetu mmoja, ambaye naye alikuwa mkata mkonge kambi ileile ya baba, alikuja likizo. Akasema atarudi Kilosa mavuno yakiisha, na picha ikiwepo ataipeleka yeye mwenyewe, mkono kwa mkono. "Lakini lori likija silisubirishi," akasema. "Nitapanda tu, shemeji, usije ukanilaumu."

Mama akataka twende Singida mjini, kulikuwa na Mhindi mwenye duka ambaye kijana wake alikuwa anapiga picha nyuma ya duka, na pazia lenye maua. Mjomba alisimama kama ametukanwa.

"Dada, kamera tatu ziko ndani ya nyumba hii, halafu uende mjini kupigwa picha? Watu watanionaje?"

"Wanavyokuona sasa hivi ni vizuri?" mama akamuuliza.

"Niachie mimi. Hii ya Sekenke imebaki mvukuto tu."

Imebaki mvukuto tu! Ningekuwa na akili niliyonayo leo ningetembea kwa miguu mpaka mjini. Lakini Bibi akamtetea mwanawe, kama kawaida, na mama akakubali kusubiri.

Mjomba akachinja mwanambuzi, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba. Akaikwangua mpaka ikawa kama karatasi. Lakini ikikauka ilikuwa inakakamaa, ukiikunja inavunjika. Akamwuliza Bibi. Bibi akamwambia kile ambacho kila mwanamke wa zamani wa kwetu anakijua, maana walivaa ngozi maisha yao yote: paka samli, sugua, paka samli tena, mpaka ilainike kama shavu la mtoto. Mjomba akapaka. Akasugua siku nzima. Akaikunja mikunjo midogo midogo, akaishona, kweli ilipendeza, ilijikunja na kukunjuka bila sauti. Akaitundika kwenye mti wa juu ya mlango ipigwe na upepo, akaenda kuangalia ng'ombe.

Mbwa wa jirani akaila.

Hata mimi nilimwona akitoka na kipande cha mwisho kinaning'inia mdomoni, na mkia anautikisa. Kwani utamlaumu? Ngozi ya mbuzi mchanga iliyopakwa samli, ukiitundika mlangoni, mbwa atajuaje kwamba hiyo ni kamera? Mjomba alimfukuza mpaka kwenye mawe, akarudi mikono mitupu, akaketi kwenye ngozi yake. Mama alikuwa anapepeta. Hakunyanyua hata uso.

"Sasa mwambie huyo mbwa atupige picha," akasema, "si ana kamera tumboni."

Mimi nililia. Nililia kwa hasira, siyo huzuni, nikapiga teke bakuli la vipande, na skrubu zikatapakaa uani, na jioni nzima sote tulizitafuta kwa kupapasa, Bibi akiwafukuza kuku kwa ufagio.

Asubuhi yake Bibi aliingia ndani ya tembe akatoka na kitu amekikunja kwapani. Lilikuwa vazi lake la ngozi la ujana, lile aliloolewa nalo. Lilikuwa limekaa darini kwenye moshi tangu zamani, jeusi, laini, limelainishwa na miaka yenyewe. Akamtupia Mjomba mapajani.

"Kata hapo pasipo na shanga. Na usinichoshe na maneno. Huyu mke mwenzangu anataka baba yake." Mke mwenza wake ni mimi, bibi na mjukuu unajua wanavyotaniana.

Mjomba akasema, "Mama, siwezi kulikata hili."

"Mbwa angeweza," Bibi akasema, akarudi jikoni.

Akakata. Safari hii alikataa samli hata kuitazama. Akatumia nta ya nyuki, kwa sababu mbwa hali nta. Alijisifu kwa hilo, akatembea nalo kijiji kizima: mbwa hali nta! Aliposhona mvukuto mpya akawa anaujaribu mchana kweupe, amejifunika blanketi zito mpaka kiunoni, uso wake umebanwa kwenye mvukuto na mwisho wake ameuelekeza juani, na tunasikia sauti kutoka ndani ya blanketi: "Naona nyota! Naona nyota moja huku kushoto!" Nyota ni tundu linalopitisha mwanga. Anatoka anatiririka jasho, anapaka nta kwenye tundu, anaingia tena. Watoto wote wa jirani walikuja kuangalia mtu anayetafuta nyota saa saba mchana. Siku ya nyota kwisha, mvukuto ulikuwa na nta kama mzinga.

Mavuno yakaisha. Jirani akaanza kuaga watu. Mjomba akapanda baiskeli ya kuazima mpaka mjini akanunua mkanda wa picha, na siku iliyofuata akasema leo ndiyo leo.

Aliutia mkanda kwenye kamera ndani ya tembe, kwenye giza, akatoka na kamera, akailaza chali juu ya jiwe kubwa la uani, kioo kikitazama mbinguni, ili vumbi lisiingie pembeni. Sisi tujiandae. Mama akanisuka upya, maana alisema nywele zimefumuka. Akanipaka mafuta mpaka miguuni. Bibi akabadilisha kaniki, akaona haifai, akabadilisha tena, kisha akataka kigoda chake, kisha mbuzi wakaingia uani wakatolewa. Jua lilikuwa limepanda. Jiwe lilikuwa linachoma. Na kamera bado imelala chali juu ya lile jiwe.

Unaona tunakokwenda. Sisi hatukuona.

Tukasimama mbele ya tembe. Bibi kwenye kigoda, mama nyuma yake, mimi mbele pembeni ya Bibi. Ardhi ilikuwa ya moto, kwa hiyo nilipandisha mguu mmoja juu ya mwingine, kama nilivyozoea. "Usitikisike," Mjomba akasema. Hakuna aliyetikisika. Nilikazana kuonyesha uso ambao baba angeupenda, siyo wa kucheka sana wala wa kununa. Kope zikasema tik.

"Tena!" nikasema.

Mjomba ameshaiweka sikioni. Nikajua. Mungu wangu, nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Imekwaruza," akasema. "Hizo nyingine tutapiga nikishaitengeneza."

Nafasi zote za mkanda ule zilizobaki akazizungusha bure, na mama akamwita majina ya Kinyaturu chetu ambayo siwezi kuyatamka hapa.

Akarudi mjini na baiskeli, yule kijana wa Mhindi akasafisha mkanda. Jioni ya siku ya pili Mjomba alirudi polepole, anaikokota baiskeli badala ya kuipanda, na hilo halikunipendeza. Alimpa mama picha bila kumtazama.

Ilikuwa imetoka. Nyumba imetoka, kila ufito wa mlango umeonekana. Bibi ametoka. Mama ametoka, mzuri. Na mahali pangu, kuanzia kichwani mpaka magotini, doa jeusi kubwa la mviringo. Chini ya doa, miguu miwili, mmoja juu ya mwingine.

Nta iliyeyuka. Kamera imelala chali juani, nta ya mvukuto imedondoka tone moja ndani, juu ya mkanda. Tone moja tu! Mkanda mzima ule, na tone likachagua uso wangu.

Mama aliitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, halafu nikaona siyo kicheko tena. Kabla hatujajua la kufanya, tukasikia honi ya lori barabarani, na jirani amekuja mbio na sanduku lake.

"Iko wapi? Nipeni haraka, dereva amenuna."

"Usimpe!" nikapiga kelele. "Mama, usimpe! Baba ataona sina kichwa!"

Jirani akaiangalia picha. Akaniangalia mimi. "Nitamwambia kichwa kipo," akasema, kwa upole kabisa, kama anazungumza na mtu mzima. Mama akaikunja kwenye kitambaa akampa. "Miguu ni ya kwake," akasema. "Mpelekee."

Nililala bila kula. Mjomba alikuja akasimama mlangoni akataka kunieleza habari ya nta na joto, nikageukia ukutani.

Baba alikuja. Siyo mwaka ule. Nilikuwa nimekwisha ingia middle school, yaani shule ya kati, nimerefuka, na Bibi tulikwisha mzika masika yaliyopita. Tulikuwa wasichana wengi kisimani tunangoja zamu, na mwanaume mmoja mwembamba, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge, akashuka njiani akaja upande wetu. Tukamwamkia wote, shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini hakutazama uso wa mtu. Alitembeza macho chini, miguuni mwetu, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukaanza kuona aibu, kisha akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimesimama mguu mmoja juu ya mwingine.

"Wewe," akasema.

Nilikasirika. Mtu hajaniona tangu kuzaliwa, anakuja kunisalimia miguu. Kisha akainua macho, akanitazama usoni muda mrefu.

"Kule kambini nilikuwa nakuwekea sura," akasema. "Kila nikiitoa ile picha nakuwekea nyingine. Wenzangu walinicheka. Lakini hii sikuiwaza."

Mpaka leo mama anasema angekuja mapema zaidi kama uso ungeonekana. Mjomba anasema angeuona asingekuja, angetosheka. Wakianza mabishano hayo natoka nje.

Tembe limebomolewa sasa, Mjomba amejenga nyumba ya bati, ndani kweupe, inapiga kelele mvua ikinyesha. Kinu kipo lakini uwele tunasagisha mashineni. Kamera ya Sekenke aliifungua wiki ileile kutafuta nta na haijaunganika tena. Picha yenyewe baba aliibeba kwenye mfuko wa shati miaka yote ile, jasho na utomvu wa mkonge vikaila, na alipofika nyumbani ilikuwa karatasi tupu yenye rangi ya chai.

Na mimi usiku huu najaribu kukumbuka uso wa Bibi. Mikono yake naiona, na harufu ya samli naisikia, lakini pua yake, macho yake yalivyokaa, sivipati. Ile ilikuwa picha yake pekee, na alitoka vizuri, amekaa wima kwenye kigoda, ametazama mbele. Ilikaa mikononi mwetu dakika chache kabla ya lori, na sisi wote tulikuwa tunaangalia doa.